Mlango Uliofungwa kwa Nje

Jirani yangu alipoanguka akiwa ameegemea mlango wangu, mimi nilikuwa ndani, hatua mbili kutoka kwake, na kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje. Alibisha mara tatu. Sikuitika. Alikaa chini pale dakika ishirini na mbili kabla ya mtu mwingine kumwona. Najua ni dakika ishirini na mbili kwa sababu kompyuta yangu huweka saa ya kazi. Saa nane na dakika kumi na moja nilisimamisha sauti niliyokuwa nikiisikiliza. Saa nane na dakika thelathini na tatu mwanamke mmoja alipiga mayowe uani. Katikati hapo sikuandika hata neno moja. Nilikuwa nimekaa, vidole juu ya vitufe, nikingoja aliyebisha aondoke.

Katika habari hii yote kuna jambo linalonisumbua kuliko mengine. Hakuna mtu anayebisha mlango wenye kufuli nje. Hata mtoto akiliona kufuli linaning'inia hujua mwenyewe hayupo, akageuka. Jirani yangu aliliona, na bado alibisha. Ama alikuwa amekwisha kuchanganyikiwa na ugonjwa uliokuwa ukimshika, ama alijua siku zote kwamba nimo ndani. Ni lipi kati ya hayo mawili, ndilo ninalotaka kujua.

Milango ya ploti yetu, safu ya vyumba vya kupanga katika mtaa wa mabanda wa Soweto West, ni ya mabati yaliyopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Karibu na komeo fundi hukata tundu la ukubwa wa ngumi, ili kufuli hilo hilo moja lifungwe kwa nje ukitoka na kwa ndani ukilala. Mtu mwenye mkono mwembamba anaweza kuingia, akausukuma mlango, akautoa mkono kwenye tundu na kulifunga kufuli kwa nje yeye akiwa ndani. Kisha anashusha kipande cha pazia juu ya tundu. Anayepita huona nyumba isiyo na mtu. Mbinu hii si yangu. Hutumiwa na wanaomkwepa msimamizi wa nyumba mwisho wa mwezi. Mimi kodi nilikuwa nikiituma kwa simu kabla ya tarehe, ili msimamizi asipate sababu ya kuja. Nilikuwa nawakwepa watu wote.

Kazi yangu iliniruhusu kuishi hivyo. Wapo watafiti wanaozunguka mitaani wakiwahoji watu na kurekodi majibu. Mimi hutumiwa sauti hizo kwa mtandao, nazisikiliza kwa hedifoni, naziandika neno kwa neno. Nimewasikia wanawake wakieleza walivyojifungua peke yao, na wanaume wakieleza siku waliyofutwa kazi. Nimejifunza jinsi mtu anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo. Lakini nilikuwa siwezi kumwomba jirani kiberiti.

Nilikuwa na daftari. Humo niliandika mwendo wa uani kama mlinzi wa geti anavyoandika magari yanayoingia na kutoka. Kati ya saa tatu na saa tatu unusu asubuhi hakuna mtu kwenye mfereji wa maji. Saa saba wanarudi watoto wa chekechea. Saa tisa choo kiko wazi, isipokuwa Jumamosi. Nilimjua kila mpangaji kwa mlio wa slipa zake. Nilitoka pale tu masikio yaliponihakikishia kwamba uani hamna mtu. Nikikosea hesabu, nikakutana na mtu uso kwa uso, niliinamisha kichwa nikapita upesi. Wakati mmoja kijana wa chumba cha mwisho alinisalimu, "Sasa?" nami nikamjibu, "Asante." Kwa siku tatu nilirudia neno hilo kichwani, nikiona haya upya kila mara, kana kwamba ploti nzima ilikuwa imeketi mahali ikilijadili.

Watu hupenda kuuliza woga wa namna hii ulianza lini. Sina siku moja ya kuwapa. Nililelewa Silanga, karibu na bwawa, ambako mama yangu aliuza makaa. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa, na mama alikuwa mtu wa kuongea na kila anayepita. Mimi alinituma kwa wateja kuwaambia mzigo umefika. Nilikwenda, nikasimama nje ya mlango, na nisibishe. Nilisimama tu mpaka mwenye nyumba atoke kwa shughuli zake anikute pale. Wengine walinikuta baada ya saa nzima. Mama alidhani nilikuwa nikicheza njiani.

Nikiwa na miaka kumi nilisimamishwa kanisani kusema mstari wa Biblia. Mstari niliujua. Nilifungua mdomo, sauti isitoke. Watu wakaanza kunipigia makofi ili kunitia moyo, na makofi hayo ndiyo yaliyonimaliza, kwa sababu kila kofi lilikuwa jicho jingine. Nilisimama mpaka mwalimu akaja kunishika mkono. Hakuna aliyenicheka. Nikiyaandika haya sasa naona kwamba hakuna aliyenitendea ubaya wowote, na bado tangu siku hiyo nilijua ninachokiogopa: kutazamwa nikiwa nashindwa.

Jirani yangu alitoka Magharibi. Alikuwa na umri wa kama miaka sitini, na aliuza mboga mbele ya ploti: sukuma, kunde, mrenda. Ukuta kati ya chumba chake na changu ulikuwa bati moja. Mchana kivuli kiliangukia upande wangu, kwa hivyo alileta kigoda chake akakaa na mgongo kwenye mlango wangu, akikatakata mboga za wateja wa jioni. Nilikuwa nikifanya kazi kwa mlio wa kisu chake. Wanawake wengine walikuja kukaa naye, na mimi, kwa kuwa kufuli lilikuwa nje, nilisikia yote waliyosema juu yangu.

"Mathe, huyu jirani yako ni nani hasa?" aliuliza siku moja dada mmoja wa ploti yetu, anayefulia watu nguo.

"Ni mtu."

"Mimi naskia ni polisi wa siri."

"Polisi gani anaogopa mfereji?" mwingine akadakia, wakacheka wote.

"Basi amekimbia bibi."

"Na wewe unamtafutia bibi ama unafua?" jirani yangu akamwambia. "Fua nguo za watu."

Alikuwa na tabia nyingine. Mara moja au mbili kwa wiki alibakisha fungu la mrenda, akalitia kwenye mfuko na kuutundika kwenye kufuli langu. Alibisha kwa kidole kimoja, akasema, "Hodi jirani, mboga," akaenda zake. Nilingoja mpaka uani kuwe kimya, nikatoa mkono tunduni nikauvuta mfuko ndani. Kufuli lilibaki palepale. Sikuwahi kumshukuru. Wala haikunijia akilini, mimi ninayejiona mtu wa kuangalia mambo, kwamba mfuko unaotoweka kwenye mlango ambao haujafunguliwa ni ushahidi. Inawezekana alidhani mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiuchukua. Inawezekana pia alijua.

Siku alipoanguka ilikuwa Jumanne. Nilisikia slipa zake zikija polepole, mguu mmoja ukiburuta. Alibisha kwa kiganja kizima badala ya kidole. Hakusema hodi. Alisema, "Jirani." Akabisha tena. "Jirani." Mara hii neno lilitoka zito, kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Nilisimamisha sauti kwenye kompyuta. Nikawaza kwamba ana mgeni anayetaka kuniona. Nikawaza kwamba wanawake wamemtuma anitoe, wamejipanga pale nje kunitazama. Moyo ulikuwa ukinipiga mpaka kwenye meno. Akabisha mara ya tatu, kwa nguvu kidogo, kisha bati likayumba, na kitu kizito kikateleza juu yake mpaka chini.

Nilijiambia amekaa kukata mboga. Nilingoja mlio wa kisu, usije. Niligundua kwamba kisu hakilii. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ningeweza kuandika kwamba sikujua. Mimi hulipwa kwa kusikiliza. Nilisikia slipa ikikwaruza simenti, ikatulia, ikakwaruza tena. Nilikaa nayo dakika ishirini na mbili.

Dada anayefua ndiye aliyemwona na kupiga mayowe. Watu wakajaa.

"Mlete maji."

"Usimpe maji, atapaliwa."

"Na huyu wa hapa?"

"Hayuko. Si unaona kufuli."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na ufunguo mkononi. Ili nitoke ningelazimika kuutoa mkono tunduni, juu kidogo ya kichwa chake, mbele ya watu wote wale, nipapase kufuli, nilifungue, kisha uso wangu ufuate. Niliuona mkono huo kama wangeuona wao. Nikashindwa. Wakambeba kwa blanketi mpaka barabarani, na sauti zao zikapotea kwenye vichochoro, nami nikakaa kitandani bila kuwasha taa mpaka kulipopambazuka.

Ilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulipooza na maneno yakampotea. Baada ya siku chache binti yake, anayeishi Kawangware, alikuja kuchukua vitu vyake. Nilimsikia kupitia bati akikunja nguo, kisha akatoka kusimama na wanawake mlangoni kwangu.

"Daktari ananiuliza ilianza saa ngapi," alisema. "Alikaa hapa muda gani kabla aonekane? Mtu yeyote anajua?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Wewe si ulikuwa hapo kwa mfereji unafua?" akamwuliza dada aliyemwona. "Ulikuwa umempa mgongo saa zote hizo?"

"Mimi nilikuwa nimeenda kuanika."

"Kuanika wapi? Kamba si iko hapo? Ulipita hapa ukamwacha."

"Sikumwacha, dadangu. Naapa sikumuona."

"Kama angekufa ungesema hivyo hivyo, muuaji wewe."

Jibu la swali lake lilikuwa mezani kwangu, kwenye kioo cha kompyuta, na dakika zake. Nilikuwa ndani, kufuli likiwa nje, kwa mara nyingine tena. Niliondoka mlangoni nikajifunika blanketi kichwani, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, saa tano asubuhi.

Baada ya hapo moyo ulianza kunienda mbio hata nikiwa peke yangu. Nilidhani nakufa. Nilikwenda zahanati Kawangware, kwa miguu, mwendo wa zaidi ya saa moja, nikachagua huko kwa sababu hakuna anayenijua. Muuguzi mmoja, mwanamke mtu mzima, alinipima akasema moyo hauna kasoro. Kisha akaniuliza nilipanga nini cha kusema nilipokuwa kwenye foleni. Nikamwambia nilikuwa nimekariri sentensi nne, na kwamba nilikaribia kurudi nyumbani mara mbili. Akaniambia nifunge mlango, nikae.

Alilitaja tatizo kwa Kiswahili cha hospitali: wasiwasi wa kijamii. Sikulipenda jina hilo. Linasikika kama jambo la watu wenye nafasi. Aliponieleza, hata hivyo, alieleza maisha yangu kwa mpangilio, kana kwamba alikuwa na daftari langu. Unaogopa kutazamwa, unajificha, kujificha kunakupa nafuu kidogo, na nafuu hiyo ndiyo inayoulisha woga. Kila unapojifungia, mwili unajifunza kwamba nje kulikuwa na hatari.

"Na kulikuwa nayo?" akaniuliza.

Sikumwambia kuhusu jirani yangu. Siku hiyo sikuweza.

Aliniagiza nigawe ukurasa mara mbili. Upande mmoja niandike ninachodhani kitatokea nikiongea na mtu, upande wa pili kilichotokea kweli. Kazi hiyo niliielewa. Zoezi la kwanza lilikuwa kuingia duka la vifaa vya ujenzi pale stendi ya 56, kituo cha matatu hukohuko Kawangware, na kuomba msumari mmoja tu. Upande wa kwanza niliandika: watanicheka. Nilipita mbele ya duka mara tano, jasho likinitiririka mgongoni, nikaingia.

"Msumari mmoja?" mwenye duka akasema. "Unajenga nini, boss, nyumba ya panya?"

Wanaume wawili waliokuwa wakingoja simenti wakacheka. Mmoja akasema panya wa siku hizi wanataka ghorofa. Nilitoka na msumari, nikarudi kwa muuguzi na ukurasa wangu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Walicheka," nikamwambia.

"Na baada ya kucheka?"

Nilifikiri. "Wakaendelea kupimiwa simenti."

"Andika hilo pia."

Ndivyo tulivyokwenda, kwa wiki nyingi. Kumwuliza mtu njia ninayoijua. Kurudisha shati nililonunua. Kusimama kwenye foleni ya kinyozi Jumamosi. Siku nyingine upande wa pili wa ukurasa ulikuwa afadhali, siku nyingine ulikuwa mbaya kuliko nilivyokisia, kwa mfano pale kinyozi, niliposhindwa kusema nataka mtindo gani nikanyolewa upara. Sitaki kudanganya kwamba woga uliondoka. Ulikuwa ukija vilevile, kwa nguvu zilezile. Kilichobadilika ni kwamba niliweza kutembea nao mita kadhaa kabla ya kugeuka. Nyumbani niliacha kufunga kufuli kwa nje, kwanza saa moja kwa siku, kisha mchana kutwa.

Mwishowe nilimwambia muuguzi habari ya jirani. Nilimweleza dakika zote. Hakunipa pole wala hakunilaumu. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. Akaninyooshea daftari.

Upande wa kwanza niliandika: watanifukuza.

Binti, aliyekuwa amemchukua mama yake akae naye, alikuwa amepanga vyumba viwili karibu na stendi ya 56, nyuma ya safu ya saluni, kwenye ploti ya geti la kijani. Hivyo nilikuwa nimewasikia wanawake wakielekezana. Nilichagua Alhamisi saa nane, nikikisia kwamba nitamkuta peke yake na mgonjwa. Hapo nilikosea. Nilipopiga hodi, kwa mkono wangu mwenyewe, mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani, na nyuma yake wakawa wengine watano. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kumwombea mgonjwa.

Nilitaka kurudi nyuma. "Karibu, karibu, nafasi haikosi," wakasema, wakasogeleana, nikajikuta kwenye kona ya kochi na kikombe cha chai mkononi. Jirani yangu alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki chenye mito. Alikuwa amekonda. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Macho yalikuwa yale yale, na yalinitazama.

Kwa watu wa namna yetu hakuna maombi bila kujulishana. Kila mgeni husimama, husalimu, husema anatoka wapi na ana uhusiano gani na nyumba. Walianzia mlangoni. Mbele yangu kulikuwa na watu wanne. Sikusikia walichosema. Nilisikia tu "Bwana asifiwe" na "Amina," na nilihesabu. Watatu. Kikombe kilikuwa kikigonga kisahani, nikakiweka chini. Wawili. Niliona mlango, nikapima hatua. Mmoja. Ulimi ulikuwa umekauka kabisa, kama siku ile kanisani.

Ilipofika zamu yangu binti yake alinihurumia, nadhani kwa kuona jasho. "Huyu ni jirani ya mama kule Soweto," akawaambia. "Si mtu wa maneno mengi. Siku ile hakuwa nyumbani, lakini ona amekuja kumwona. Mungu ambariki."

Nilichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa na kukaa. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa na mtu mwingine, kwa wema.

"Nilikuwa," nikasema.

Hawakusikia. Nikarudia. "Nilikuwa nyumbani. Kufuli lilikuwa nje lakini nilikuwa ndani. Alinibishia mara tatu. Nilimsikia akianguka, na sikufungua."

"Amina," mwanamke mmoja akasema, kwa mazoea tu, kisha akauziba mdomo wake kwa kiganja.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga makofi. Chumba kizima kilinitazama, jambo nililokuwa nimelikimbia maisha yangu yote, na lilikuwa baya sawasawa na nilivyolijua. Sikuzirai. Nilisimama mle ndani.

"Kwa nini?" binti akauliza.

"Niliogopa."

"Uliogopa mama yangu?"

"Naogopa watu."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kulishika jambo hilo. "Muda gani?" akasema. "Nataka kujua muda."

"Dakika ishirini na mbili."

Akaketi. Mama yake alikuwa amekwisha kufikishwa hospitali, kutibiwa, kurudi, miezi ilikuwa imepita, na hesabu hiyo haikuwa na kazi tena kwa daktari. Lakini aliirudia kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Yule dada wa kufua nilimwita muuaji. Mbele ya watu."

"Nilisikia."

"Ulisikia." Akatikisa kichwa. "Basi utamwambia wewe mwenyewe. Na iwe mbele ya watu."

Nilikwenda nikamwambia, kesho yake, kwenye mfereji, saa ambayo kwa daftari langu ndiyo yenye watu wengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mtungi wake. "Sasa ndiyo unasema," akaniambia, akaondoka. Hajanisalimu tangu hapo.

Lakini siku ile, kabla sijatoka chumbani kwa binti, nilifanya jambo ambalo halikuwa kwenye ukurasa. Nilimwendea jirani yangu, nikachuchumaa mbele ya kiti chake. Nikamwuliza, "Mathe, ulijua niko ndani?"

"Ndiyo," akasema. Lilitoka wazi, bila kusita.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Binti alinigusa bega. "Hilo ndilo neno pekee alilobaki nalo," akasema, si kwa ukali. "Anajibu ndiyo kwa kila kitu. Angalia. Mama, wewe ni mwanaume?"

"Ndiyo."

"Unataka nimwite chifu aje akuoe?"

"Ndiyo," akasema jirani yangu, na upande wa kushoto wa mdomo wake ukacheka, na akina mama wakacheka naye, na mmoja akasema chifu ana bahati. Kwa hiyo anaelewa. Anajua jibu ni jingine, ila ulimi unaleta lile lile. Nilibaki nimechuchumaa, nisijue kama nimejibiwa.

Nimekuwa nikienda huko kila Jumamosi. Binti hanikaribishi wala hanifukuzi. Huniachia kisu na sukuma, nami hukata nikiwa nimekaa karibu na mama yake, naye hunitazama vidole. Kuna mtu anayekuja kumfundisha maneno upya, na anasema yanaweza kurudi moja moja.

Majuma matatu yaliyopita binti alinipigia simu kuniambia kwamba mama amekataa uji. Amesema "hapana". Amelisema mara kadhaa tangu hapo, mahali pake, na sasa ukimwuliza kama yeye ni mwanaume husema hapana. Nimekwenda Jumamosi zote tatu zilizofuata. Nimekaa naye, nimekata mboga, tumebaki wawili tu chumbani kwa zaidi ya saa nzima. Sijamwuliza.